Ulinzi shirikishi: maana yake na unavyofanya kazi mtaani

Ulinzi shirikishi ni utaratibu ambao wakazi, serikali yao ya mtaa au kijiji, na polisi wanagawana kazi ya kuzuia uhalifu katika eneo lao. Kuzuia ndiyo kazi yenyewe. Kukamata wezi ni sehemu ndogo tu, na vikundi vingi hufa au hugeuka kero kwa kudhani kwamba hiyo ndiyo kazi yote.

Kwa Tanzania, mzizi wake unaojulikana zaidi ni Sungusungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakazi wa Usukumani na Unyamwezini walijipanga kwa pinde na mishale kupambana na wizi wa ng'ombe, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili vikundi hivyo vitambulike. Baadaye, chini ya Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema aliyeshika wadhifa huo mwaka 2006, Jeshi la Polisi likaja na mpango wa Polisi Jamii. Kenya nayo ilianzisha Nyumba Kumi mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate, ikichukua mfano kwa jirani. Hapa kuna jambo linalochanganya watu: balozi wa nyumba kumi upande wa Tanzania ni kiongozi wa chama tawala tangu enzi za TANU, si wa serikali. Kikundi cha ulinzi kikiwekwa chini yake, wakazi wa vyama vingine hujitoa kimyakimya. Kiwekwe chini ya mwenyekiti na mtendaji wa mtaa.

Mantiki ya kuzuia ni rahisi. Mwaka 1979 wanasosholojia wa Marekani, Lawrence Cohen na Marcus Felson, walieleza kwamba wizi hutokea pale mambo matatu yanapokutana mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu aliye tayari kuiba, kitu cha kuibwa, na kutokuwepo kwa wa kuzuia. Mtaa hauna nguvu kubwa juu ya lile la kwanza. Mawili yaliyobaki yako mikononi mwake.

Kwa hiyo kabla ya kununua virungu, watu watatu au wanne wautembee mtaa mzima na daftari, mara moja mchana na mara moja baada ya saa mbili usiku. Waandike taa zilizokufa, mapagala, vichaka, vichochoro visivyo na dirisha linalotazama. Kisha waorodheshe matukio yote ya miezi sita iliyopita: nini, wapi, saa ngapi. Orodha hiyo huumbua dhana nyingi. Huenda mkakuta simu zinakwapuliwa alfajiri watu wakiwahi stendi, na nyumba zinavunjwa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, wenyewe wakiwa kazini. Doria ya usiku haigusi hata tukio moja kati ya hayo. Dawa yake ni majirani wanaobaki mchana kupeana taarifa, na wa alfajiri kutoka pamoja. Taa ya nje nayo hufanya kazi kubwa kuliko bei yake: balbu ya LED ya wati 7 ikiwaka kwa saa 12 kila usiku hula uniti mbili na nusu tu za umeme kwa mwezi.

Pale ambapo doria inahitajika, hesabu ya watu ndiyo huamua kama itadumu. Kikundi cha watu 28, wanne kila usiku, maana yake kila mmoja anakesha usiku mmoja kwa wiki. Hilo linabebeka. Wakiwa 10, wiki ya tatu watabaki wawili, na wawili ni hatari, maana mmoja akiumia hakuna wa kumwangalia huku mwingine akiita msaada. Majina yasomwe kwenye mkutano wa wakazi, kisha yapelekwe kwa polisi wa kata ayachunguze, kwa sababu anayejitokeza kwa pupa mara nyingine ndiye anayewachorea wezi ramani ya mtaa. Kila mmoja awe na kitambulisho, tochi, filimbi, kizibao kinachoakisi mwanga, na simu yenye chaji. Saa na njia zibadilishwe. Doria inayopita kona ileile saa saba kamili kila usiku inawasaidia wezi kupanga ratiba yao.

Pesa huua vikundi zaidi ya woga. Tuseme kaya 150 zinachanga shilingi 2,000 kwa mwezi: ni 300,000, na ukiwagawia walinzi wanne kila mmoja anapata 75,000. Hakuna anayeweza kukesha mwezi mzima kwa kiasi hicho. Atalala, au ataanza kuwaomba wapita njia "ya maji", na siku akinyimwa atamwita mtu mzururaji. Ni bora zamu ziwe za kujitolea na mchango ununue vifaa, kwa stakabadhi, na hesabu ibandikwe kwenye mbao za matangazo.

Mamlaka ya kikundi ni finyu, na watu wayajue mapema. Sheria ya Tanzania inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa la jinai mbele ya macho yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kupekua nyumba ya mtu, kumtoza faini, kumfungia ofisini au kumpiga hakumo. Mtuhumiwa aliyeuawa na umati hatamtaja mnunuzi wa mali za wizi, na mnunuzi akibaki, wizi utapata watu wapya. Waliompiga nao wanakabiliwa na kesi ya mauaji.

Ukipiga 112, anza na mahali, ndipo ueleze tukio, idadi ya watu, walikoelekea na walivyovaa. Simu ikikatika katikati, polisi watakuwa na pa kuanzia. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilizipa nyumba namba na barabara majina. Hakikisha kila mtu nyumbani, hata mtoto, anaikumbuka anwani yenu. Kituoni dai namba ya RB (Kenya ni OB), yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi; hailipiwi. Wizi usio na RB haumo kwenye vitabu vya polisi, na wakipanga doria zao mtaa wenu utaonekana shwari. Kwa simu, piga *#06# leo na uandike namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu yako, kwenye daftari, kwa sababu bila hiyo ni vigumu kuthibitisha kwamba simu iliyokamatwa ni yako.

Kundi la WhatsApp la ulinzi libaki la dharura tu. Salamu na matangazo ya vitumbua vikiingia, watu huzima mlio, na ujumbe wa saa nane usiku haumwamshi mtu. Picha ya mtu "tunayemshuku" isipandishwe kabisa. Mgeni aliyepotea njia anaweza kupoteza maisha kwa picha moja.

Hatari nyingine ziko ndani ya nyumba, na huko kikundi hakina usuluhishi wa kufanya. Ubakaji au ukatili kwa mtoto "ukimalizwa kifamilia", ushahidi hupotea na aliyetenda kosa hubaki palepale. Taarifa iende Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au 116 kwa masuala ya watoto, na fomu ya PF3, ambayo polisi humpa aliyeumizwa aende nayo hospitali, ichukuliwe, ila aliye katika hali mbaya atibiwe kwanza. Aliyebakwa afike hospitali mapema iwezekanavyo, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72. Asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana unyevu ukifungiwa ndani huharibu ushahidi.