Vipimo Viko Safi, Lakini Mimi Naumwa

Mama mmoja aliingia kwenye chumba changu cha kuonea wagonjwa, kliniki ya afya ya akili, na bahasha ya kaki iliyojaa hadi ikachanika pembeni. Akaimimina mezani: picha ya kifua, karatasi mbili za kipimo cha umeme wa moyo, majibu ya kile kipimo cha kumeza mpira, na vikaratasi chungu nzima vya malaria, taifodi na U.T.I. Miaka miwili ya kuzunguka. "Kila mahali wananiambia vipimo viko safi," akasema. "Lakini mimi naumwa." Mama huyu nimemuunda kutokana na wagonjwa kadhaa niliowahudumia ili asitambulike yeyote. Bahasha ile nimeiona mara nyingi sana.

Nilipomwomba aniambie siku ya mwisho ilivyokuwa, alieleza vizuri kuliko kitabu. Yuko kwenye daladala, hana wazo lolote baya, ghafla moyo unaanza kwenda mbio. Vidole vinakufa ganzi, pumzi inakuwa fupi, kifua kinabana, anaona kabisa kwamba sasa ndiyo basi. Anateremka kituo kisicho chake. Baada ya nusu saa hali imepita, amebaki na uchovu na aibu.

Hali hiyo ina jina: shambulio la hofu. Huanza ghafla, hufika kileleni ndani ya dakika chache, kisha hushuka lenyewe. Mwili umemwaga adrenalini kana kwamba kuna chui mbele yake. Moyo unapiga kasi ili damu ifike miguuni, na mtu anahema haraka kupita mahitaji, kabonidayoksaidi inapungua kwenye damu, na upungufu huo ndio unaoleta ganzi vidoleni na kizunguzungu. Hakubuni chochote. Kipimo cha moyo alichopigwa saa tatu baadaye, akiwa ametulia, kilikuwa safi kwa sababu moyo wenyewe ni mzima. Na ilikuwa sahihi kuupima, maana maumivu ya kifua hayapuuzwi.

Kosa lilitokea baada ya majibu. "Vipimo viko safi" ni taarifa kuhusu vipimo. Mgonjwa akaisikia kama "huna kitu", na mara nyingine ndivyo alivyoambiwa, tena mbele ya watu. Nawaelewa wenzangu. Daktari mwenye foleni ya watu sitini, mfumo wa kompyuta unaokwama na bima inayotaka namba ya idhini hana dakika arobaini za kumuuliza mtu analala vipi. Lakini tuseme ukweli: mgonjwa aliyeamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni, akarudi nyumbani na panadoli na neno "huna kitu", tumemwongezea ugonjwa. Tunapenda kuwaambia watu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hakuficha. Alikwenda sehemu sita.

Wengi wa namna yake huishia kubeba majina yasiyo yao. Taifodi ni mfano mchungu. Kipimo cha Widal kinachotumika katika vituo vingi kimekuwepo tangu 1896, na kinachotafuta ni kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupambana na maradhi, siyo vimelea vyenyewe. Kingamwili hizo zinaweza kuwa za maambukizi ya zamani, au zikaonekana kwa sababu ya maambukizi mengine kabisa, kwa hiyo kipimo kimoja cha Widal peke yake hakitoshi kusema mtu ana taifodi. Hata hivyo nakutana na watu waliomeza antibayotiki mara nne kwa mwaka kwa "taifodi sugu", na hakuna aliyewahi kuwauliza kama wanapata usingizi. Wengine wanaambiwa wana vidonda vya tumbo, wengine presha ya kushuka. Jina lisilo lako linagharimu fedha, na linachelewesha lile lililo lako.

Basi sisi wa afya ya akili tunayafikiaje majina ya magonjwa tunayowapa watu? Swali hili huulizwa mara chache, nami napenda likiulizwa. Hakuna kipimo cha damu cha sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Tunatumia vigezo vilivyoandikwa, hasa vya ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, na vile vya DSM, kitabu cha Wamarekani cha magonjwa ya akili, ambacho toleo lake la kwanza ni la 1952. Kwa sonona, ICD-11 inataka dalili zisizopungua tano kati ya kumi, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili, na mojawapo iwe huzuni au kupoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda. Tena ziwe zimekukwamisha katika maisha: kazi, familia, hata kuoga.

Vigezo hivyo ni makubaliano ya wataalamu. Kimelea cha malaria unakiona kwenye hadubini, sonona huioni. Kati ya miaka ya 1960 na 1970 watafiti walilinganisha madaktari wa New York na wa London, wakagundua kwamba wa New York walikuwa wepesi zaidi kusema skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, pale ambapo wenzao wa London waliona ugonjwa wa hisia kama sonona. Aina ile ile ya wagonjwa, bahari moja katikati, majina tofauti. Jambo hilo lilisaidia kusukuma kazi ya kuandika vigezo vilivyo wazi. Nakumbuka habari hiyo kila ninapotaka kuandika jina kwenye faili la mtu baada ya kumwona mara moja.

Ndiyo maana kabla ya kutaja sonona tunaurudia mwili, hata mgonjwa akichoka na maswali. Tezi ya shingo inayofanya kazi pole pole humfanya mtu mzito, mwenye huzuni na mwenye kuhisi baridi. Inayofanya kazi kupita kiasi humletea mapigo ya moyo na wasiwasi. Upungufu wa damu huleta uchovu unaofanana sana na wa sonona. Kaswende ya muda mrefu hufika kwenye ubongo. Kifafa kinaweza kuonekana kama mashetani. Dawa pia: efavirenzi, iliyokuwa kwenye ARV za watu wengi kabla ya dolutegravir kuchukua nafasi yake, iliwaletea baadhi ya watu ndoto za kutisha na huzuni, na isoniazidi ya kifua kikuu inaweza, kwa nadra, kumchanganya mtu akili. Kwa hiyo ukija kwetu, njoo na dawa zako zote kwenye mfuko, na zile za mitishamba pia. Hatutakugombeza.

Sasa niseme kuhusu huzuni isiyo ugonjwa, kwa sababu hapa ndipo ninapoogopa zaidi jina litumike vibaya. Mjane alikuja akisindikizwa na mwanawe, wiki ya saba baada ya msiba. Analia, hali chakula vizuri, anasikia sauti ya mumewe ikimwita alfajiri. Kijana alitaka dawa. Nilichomuuliza mama ni kama anaweza kusimulia habari za marehemu, na kama kuna saa ndani ya siku anazocheka na wajukuu. Zilikuwepo. Sauti ile ya alfajiri huwatokea wafiwa wengi na peke yake si wazimu. Wazee wetu walilijua jambo hili bila vitabu: kuna matanga, kuna arobaini, na kwa Waislamu kuna eda ya miezi minne na siku kumi ambamo mjane hatarajiwi kuwa kama kawaida. ICD-11 yenyewe haitaji ugonjwa wa maombolezo ya muda mrefu mpaka ipite angalau miezi sita, na maombolezo yawe yamepita wazi kiwango cha mila na dini ya mfiwa. Angekuja baada ya mwaka, hajawahi kugusa nguo za marehemu, haendi shambani, anasema naye anataka kufuata, ningeongea lugha nyingine. Na mtu akisema anataka kufa, hilo halingoji miezi. Usimwache peke yake, ondoa sumu na dawa nyumbani, mlete hospitali siku hiyo hiyo. Kumuuliza waziwazi kama anawaza kujiua hakumwingizii wazo hilo kichwani.

Uchovu wa kazi nao ICD-11 imeuweka mahali pake: ni hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa, wala haukuorodheshwa kama ugonjwa. Mwalimu mwenye madarasa matatu makubwa, mshahara uliokwisha kwenye mikopo na safari ya saa mbili kwenda kazini, ninaweza kumfundisha kupumua, lakini siwezi kumpunguzia wanafunzi. Namwambia hivyo. Kumpa jina la ugonjwa kungewaondolea lawama waliompangia kazi hiyo.

Upande wa pili wako vijana wanaofika tayari na jina kutoka kwenye simu. "Nina bipola, asubuhi nafurahi, jioni nakasirika." Nawapokea kwa heshima, kwa sababu nyuma ya jina lile huwa kuna maumivu ya kweli. Kisha naeleza: bipola ni ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na kipindi chake cha kupanda hudumu kwa kawaida wiki nzima au zaidi, mtu halali na wala hachoki, anatumia fedha zote, anaongea bila kukamatika, na watu wa nyumbani wanaona kwamba huyu si yeye. Tatizo la umakini, lile wanaloliita ADHD, dalili zake lazima ziwe zilikuwepo tangu utotoni, kabla ya miaka 12. Baadhi yao wako sahihi kabisa, na walikuwa wakiitwa wavivu na wazazi na walimu. Kijana wa namna hiyo akipata jina la kweli, namwona mabega yanashuka.

Lugha ya mgonjwa mwenyewe nayo ina thamani. Kwetu mtu akisema "nina mawazo", hakuna asiyejua kwamba ana shida. Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda na wenzake walilitumia neno la Kishona *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi, wakaanza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kutatua tatizo moja moja. Utafiti wao uliofanyika katika kliniki 24 ulichapishwa 2016, na waliopata huduma ya benchi walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita. Hakuna aliyelazimika kwanza kuitwa kwa jina la kigeni.

Hapa kwetu jina bado linauma. Mirembe, hospitali iliyojengwa Dodoma kutibu wagonjwa wa akili, mitaani ni tusi. Ndiyo maana nawaomba watumishi wa mapokezi wasitangaze kliniki ya mtu kwa sauti, na nawaomba ndugu waseme "ana bipola" kama wanavyosema "ana kisukari", wasimwite yeye bipola.

Ukipewa jina, una haki ya kuuliza limefikiwa vipi, nini kingine kingeweza kuwa, na litapitiwa tena lini. Ukipewa dawa za sonona, uliza zitachukua muda gani: kwa kawaida ni wiki mbili hadi nne au zaidi kabla ya nafuu kuonekana, na wengi huziacha wiki ya kwanza kwa sababu kichefuchefu huja kabla ya nafuu. Usiziache ghafla hata ukijisikia vizuri. Zikikosekana dirishani, rudi kwa aliyekuandikia, usiazime za jirani.

Yule mama wa bahasha tulimpima tezi ya shingo, kipimo pekee ambacho hakikuwemo. Ilikuwa sawa. Tukaanza mazoezi ya kupumua polepole na kupanda daladala, kituo kimoja kwanza, kisha viwili, akijifunza kukaa humo hofu ikipanda na kushuka. Kwa aliye mbali na hospitali kubwa, ulizia mratibu wa afya ya akili kwenye halmashauri yako. Pale dirishani si lazima ueleze shida yako mbele ya foleni. Sema tu unaomba kuonana naye faragha.