Kabla ya kusema takwimu za mlipuko zimefichwa, soma tarehe yake

Kila masika ikianza, sisi tunaofanya kazi ya ufuatiliaji wa magonjwa hapa Dar es Salaam hupokea lalamiko lilelile: namba ya juzi ilikuwa kubwa, ya leo imepungua, basi kuna wagonjwa wamefichwa. Mwaka huu malalamiko yamezidi kwa sababu watu wengi wanafuatilia takwimu za milipuko kwenye simu zao. Hilo ni jambo jema na tunalitaka. Tunachoomba ni kwamba anayesoma namba ajue imetoka wapi.

Muuguzi wa zahanati akimpokea mtu anayeharisha majimaji, anamwandika kwenye rejesta ya MTUHA, yaani mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya: umri, jinsia, siku dalili zilipoanza, mtaa anakoishi. Kipindupindu ni miongoni mwa magonjwa yanayotolewa taarifa papo hapo, kwa hiyo taarifa inatumwa kwa simu ndani ya saa 24 bila kungoja maabara. Huyo anahesabiwa kuwa mshukiwa. Sampuli ikipimwa na vimelea visionekane, anaweza kuondolewa kwenye hesabu. Hakuna aliyefichwa hapo. Tungesubiri majibu ya maabara ndipo tuseme, mngetulaumu kwa kuchelewa, na mngekuwa na haki.

Taarifa za kawaida hukusanywa kwa wiki, Jumatatu hadi Jumapili. Kituo kilichochelewa kutuma kinapoleta taarifa zake, namba za wiki iliyopita zinapanda ghafla ingawa ugonjwa haukupanda siku hiyo. Ndiyo maana wiki ya mwisho kwenye grafu karibu kila mara huonekana imeshuka. Msiishangilie, wala msiitangaze kwamba mlipuko umekwisha. Tulipopata Marburg mkoani Kagera mwaka 2023, ugonjwa ulitangazwa tarehe 21 Machi na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Kanuni ni kuhesabu siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya siku 21 ambazo kirusi kinaweza kukaa mwilini kabla ya dalili. Katika siku hizo namba haisogei, lakini kazi ya kufuatilia inaendelea.

Kipengele kinachotusumbua kuliko vyote ni mtaa. Mtu anaishi Kigogo, amelala kwa shangazi yake Tabata, asubuhi anazidiwa. Akiulizwa anatoka wapi anajibu Tabata. Alama kwenye ramani inaangukia Tabata, timu inakwenda huko na vidonge vya klorini na kupima maji, na kisima chenye shida kinaendelea kuchotwa Kigogo. Mwaka 1854 daktari John Snow aliweza kuishuku pampu ya maji ya Broad Street jijini London kwamba inaeneza kipindupindu kwa sababu alijua waliokufa walikuwa wakiishi nyumba zipi. Kwa hiyo ukiulizwa, usiseme "Manzese" ukanyamaza. Taja mtaa wako, jina la mjumbe, na unakochota maji.

Wapo wanaouliza kwa nini basi tusiweke kila kitu hadharani. Takwimu za umri, eneo na tarehe ziwe wazi, na mapema iwezekanavyo. Mimi binafsi ninalitetea hilo kila ninapopata nafasi. Tarehe 11 Januari 2020 wanasayansi waliweka hadharani vinasaba vya kirusi cha korona, na maabara za nchi nyingine zikaanza kutengeneza vipimo bila kusubiri kuletewa sampuli. Jina la mgonjwa ni jambo jingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti.

Niliwahi kushuhudia madhara ya majina kutoka hadharani. Picha ya ukurasa wa rejesta ya kituo kimoja ilivujishwa ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, majina yakisomeka, moja limezungushiwa wino mwekundu. Siku zilizofuata foleni ya wanaoharisha ilikatika. Grafu ikashuka vizuri kabisa. Tulipopita nyumba kwa nyumba tukawakuta watu wamelala na vidonge vya duka la dawa, macho yameingia ndani, wanaogopa kuandikwa. Anayesambaza picha ya namna hiyo anatupofusha sote, na samahani zake hazimrudishii mtu maji mwilini.

Kwa anayetunga jedwali lake na kulibandika nembo ya serikali: kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo, kwa nia ya kupotosha umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kifungu hicho hakimgusi mwananchi anayetoa taarifa ya jambo aliloliona kwa nia njema. Tumeshalieleza hili mara nyingi, na bado watu wanatuambia waliogopa kupiga simu.

Piga 199, ni bure, au mwone mhudumu wa afya wa mtaa wako. Sema wanaumwa wangapi, tangu lini, nyumba ziko wapi na wamekula au kunywa nini pamoja. Taarifa yako itaandikwa kama tetesi, kisha itafuatiliwa. Hatuhitaji uwe na uhakika wa jina la ugonjwa. Kulithibitisha ni kazi ya maabara.