Kulipa Ushuru wa Maegesho Hakuhalalishi Kuegesha Popote

Madereva wengi jijini Mwanza huchanganya mambo mawili ambayo sheria inayatenganisha: deni la ushuru wa maegesho na kosa la kuegesha vibaya. Ushuru ni malipo ya kutumia nafasi iliyotengwa kwa ajili hiyo. Katika mfumo wa kielektroniki wa TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, mkusanyaji huingiza namba ya usajili wa gari kwenye mashine ya mkononi, na deni hubaki humo hadi lilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Kwa kuwa deni hufuata namba ya gari na si aliyeshika usukani, anayenunua gari lililokwishatumika ni vyema aangalie madeni hayo, hata kwa simu kupitia *152*00#, kabla ya kukabidhi fedha.

Kosa la kuegesha vibaya lina njia yake. Linatokana na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, na husimamiwa na askari wa usalama barabarani. Aliyesimamisha gari juu ya kivuko cha waenda kwa miguu, kwenye kona, au sambamba na gari jingine lililokwishaegeshwa, hawezi kujitetea kwa kuonyesha kwamba ushuru wake umelipwa.

Msisitizo huu una sababu, na katika jiji letu sababu hiyo inaonekana kwa macho. Katikati ya Mwanza pamebanwa kati ya ziwa na vilima vya mawe, hivyo barabara haziwezi kupanuliwa kirahisi. Gari moja likipanda njia ya waenda kwa miguu pale Makoroboi, mama aliyebeba mzigo kichwani hulazimika kushuka barabarani, mgongo wake ukiwa umeelekea daladala na bodaboda zinazokuja. Katika mlima wa kwenda Hospitali ya Bugando madhara ni makubwa zaidi, kwa sababu gari la wagonjwa likikosa upenyo halina njia rahisi ya kuzunguka. Kwa maoni yangu, kuziba njia hiyo hata kwa dakika chache hakuna udhuru.

Dereva anayeandikiwa kosa ana haki zake. Anapaswa kuelezwa kosa lenyewe na kupewa taarifa ya maandishi yenye namba ya malipo. Hapaswi kumkabidhi askari fedha taslimu. Asiyekubali kosa halazimiki kulipa papo hapo, bali anaweza kulikana na shauri likapelekwa mahakamani.