Fotorezisti haikushika? Usikimbilie kulaumu asidi

Lubumbashi ni mji wa shaba, lakini tukitengeneza bodi za saketi nyumbani, shaba hiyohiyo hutushinda. Njia za shaba zikikatika, fundi hulaumu asidi inayokula shaba isiyotakiwa. Mimi huangalia kwanza jinsi utando wa fotorezisti ulivyobandikwa, yaani lile tabaka jembamba linalokomaa likipigwa mwanga na kuikinga shaba ya njia dhidi ya asidi.

“Shaba ikimeta, ni safi.” Hapana. Mafuta ya kidole hayaonekani. Mwagia bodi maji: yakitandaa sawasawa, ni safi, yakijikusanya matone matone, bado ina mafuta. Mimi husugua kwa msasa laini, kwa mizunguko, mpaka shaba iache kumeta kama kioo, kwa sababu utando hujishikiza kwenye mikwaruzo midogo. Kisha sabuni ya vyombo, maji mengi, na kuikausha kwa joto. Baada ya hapo naishika kwa kingo tu. Kiangazi, vumbi letu jekundu likiwa kila mahali, funga dirisha: punje moja ikibaki chini ya utando huacha kiputo, asidi hupenya hapo na kula njia.

“Lazima giza totoro.” Utando huathiriwa na miale ya urujuanimno na mwanga wa buluu. Taa ya njano inatosha, nawe unahitaji kuona unachofanya. Jua ndilo la kuogopa.

“Plastiki zote mbili zinatolewa mwanzoni.” Utando huja katikati ya plastiki mbili, na kosa hili limeharibu bodi nyingi. Bandika vipande viwili vya selotepu kwenye kona, kimoja juu na kimoja chini, uvivute viachane. Plastiki ya ndani ndiyo inayotoka, upande huo ukalale kwenye shaba. Anza ukingo mmoja, sukuma hewa polepole, kisha pitisha pasi ya joto la nyuzi 110 hivi. Moto ukizidi, utando hukomaa kabla ya kuona mwanga, na hautaoshika tena. Plastiki ya juu hubaki mpaka umalize kuupiga utando mwanga kupitia mchoro wa saketi.

“Soda ni soda.” Sehemu za utando huu ambazo hazikupigwa mwanga huoshwa kwa kabonati ya sodiamu, gramu 10 kwa lita moja ya maji. Soda ya kuokea siyo hiyo, ila ukiikaanga kavu kwenye sufuria kwa moto wa kutosha, hugeuka kuwa kabonati. Soda kali ya kutengenezea sabuni itabandua utando wote. Itunze kwa ajili ya mwisho, asidi ikishamaliza kazi, na uvae glavu na miwani. Wanaotumia fotorezisti ya kupuliza, ile ambayo sehemu iliyopigwa mwanga ndiyo inayotoka, wao huosha kwa soda kali iliyozimuliwa sana. Ndiyo maana maelekezo ya mafundi wawili yanaweza kupingana, na wote wakawa sahihi.