Vani ya kulala, pwani nyeusi ya Iceland na mlango unaong'oka

Swali limerudi tena, na safari hii silijibu kwa ujumbe mfupi: "Naenda peke yangu na vani ya kulala, pwani ya kusini ya Iceland. Baridi nitaiweza?"

Utaiweza. Mji wa Vík, kwenye pwani hiyo, uko kando ya bahari isiyoganda, na wastani wa Januari hapo huzunguka nyuzi 0. Hita ya dizeli ya kilowati 2, hata ukiifungulia mwisho, hunywa kama robo lita kwa saa. Mkebe wa gesi ya jiko uwe na mchanganyiko wa propani, maana butani tupu hugoma kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0. Acha dirisha wazi upana wa kidole ili pumzi yako isitiririke ukutani, na king'ora cha kaboni monoksidi kiwe na betri inayofanya kazi. Kuhusu baridi nimemaliza.

Nani atakuuliza kuhusu upepo? Hakuna, na upepo ndio unaokunja milango na kutupa vani mtaroni.

Idara ya hali ya hewa ya huko, Veðurstofa, hutoa upepo kwa mita kwa sekunde. Msomaji anaona "20" anadhani ni upepo wa kupepeta mchele. Zidisha kwa 3.6: hiyo ni kilomita 72 kwa saa. Halafu msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa kasi. Kutoka 10 hadi 20 unakuwa mara nne, na ukifika 30 ni mara tisa. Vani yenye ubavu wa mita za mraba 12, ikipigwa ubavuni na upepo wa 20, inasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 300 hivi. Kwa 30, ni karibu kilo 700. Nahodha wa jahazi angetua tanga mapema. Wewe ubavu wa gari huwezi kuutua.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo hata waliosoma utabiri wanapokosea. Namba kubwa ya utabiri ni wastani wa dakika 10. Sisi tuliokulia na kusi na kaskazi tumezoea upepo unaoshika njia moja kwa miezi, kwa hiyo tukiambiwa 18 tunajipanga kwa 18. Chini ya milima ya Eyjafjöll, kati ya maporomoko ya Seljalandsfoss na Skógafoss, upepo wa kaskazini mashariki hupanda juu ya barafuto, ule mto wa barafu wa mlimani, kisha huporomoka kwenye miteremko hadi barabarani. Wastani ukiwa 18, dharuba moja, yaani mvumo wa ghafla wa sekunde chache, inaweza kupita 30. Inakuja, inakata, unapumua, inarudi. Mbele zaidi mashariki, eneo la Öræfi karibu na Freysnes, mchezo ni huohuo. Ukiona mlima ukadhani umepata kinga, umekosea: penye mlima ndipo upepo unapoanguka. Vibao vya umeme kando ya Barabara Namba 1 huonyesha pia dharuba, kwa neno *hviður*. Namba hiyo ndiyo ya kuamulia.

Kuna jambo jingine kwa dereva aliyejifunza Dar es Salaam au Mombasa. Iceland wanaendesha kulia. Upepo wa kaskazini ukikukuta unaelekea mashariki, utakusukuma nje ya lami, upande wa bahari. Ukirudi magharibi, upepo uleule unakusukuma kwenye njia ya magari yanayokuja. Kwa hiyo njia iliyokuwa tulivu jana asubuhi inaweza kukutisha leo jioni. Ukipishana na lori, litakukata upepo kwa nusu sekunde, kisha utarudi wote kwa mkupuo: legeza mwendo kabla ya kupishana, mikono miwili kwenye usukani, usivute kwa pupa.

Mashariki ya Vík kuna Mýrdalssandur, uwanda wa mchanga mweusi ulioletwa na mafuriko ya Katla, volkano iliyo chini ya barafuto na iliyolipuka kwa nguvu mwaka 1918. Mchanga huo ukikauka na upepo ukapanda, hukwangua rangi ya gari hadi bati na kioo cha mbele hugeuka ukungu. Bima ya mchanga na jivu kwa kawaida huuzwa peke yake. Na mlango uliokunjwa na upepo, mikataba mingi hukuachia mwenyewe. Soma kifungu hicho kabla ya kutia sahihi, nakusihi.

Mlango una utaratibu wake. Bawaba ziko mbele, kwa hiyo egesha pua ya gari ikitazama goshini, upepo unakotoka: upepo utaufunga mlango badala ya kuung'oa, na milango ya nyuma itakuwa demani, upande uliokingwa na upepo. Kabla ya kutoka, simu mfukoni, mikono mitupu. Shika mlango kwa mkono mmoja kwenye kishikio na mwingine kwenye fremu ya dirisha, fungua upana wa kiwiliwili, teremka, funga. Aliye peke yake hana wa kumshikia, kwa hiyo namshauri akodi vani yenye njia ya kupita kati ya viti, aingie kitandani bila kutoka nje.

Kulala ni kwenye kambi rasmi au kwa ruhusa ya mwenye ardhi. Sheria ilibadilika mwaka 2015, na maegesho ya kutazamia mandhari hayahesabiki. Kwenye ufuo wa Reynisfjara, taa nyekundu ya onyo la mawimbi ikiwaka, baki juu, usishuke mchangani.

Kiwango changu? Dharuba za 25 kwenye njia yangu, vani haitoki. Namba hiyo siwezi kuitetea kama sheria ya fizikia. Vani fupi nzito hustahimili zaidi, na ile ndefu yenye paa la juu na matangi matupu nisingeitoa hata kwa 20 kwenye lami yenye barafu. Ila lazima uwe na namba uliyoichagua jana usiku, kabla hujatamani kufika.

Asubuhi angalia vedur.is (hali ya hewa), umferdin.is (barabara) na safetravel.is (usalama wa wasafiri), au piga 1777 kuuliza hali ya barabara. Dharuba ikikukuta njiani, tafuta eneo la kuegesha na usisimame kwenye bega la barabara. Elekeza pua goshini, vuta breki ya mkono, kaa ndani. Subiri.