Je, wajua kwa nini kanisa dogo la Smyrna halikuuzwa?

Msomaji wa Kiswahili akisikia neno misheni hukumbuka Mbweni au Magila, mahali ambapo wageni kutoka ng'ambo walijenga kanisa na shule. Katika Kanisa la Episkopali, yaani Waanglikana wa Marekani, neno hilo lina maana nyingine pia, na asiyeifahamu hawezi kuelewa kilichotokea katika Kanisa la Watakatifu Wote lililoko Smyrna, mji wa pembezoni mwa jiji la Nashville, katika jimbo la Tennessee.

Misheni, kwa utaratibu wa Waepiskopali, ni ushirika ambao bado haujaweza kujitegemea. Parokia humchagua kasisi wake kupitia baraza lake la waumini na kumlipa yenyewe, ilhali misheni hupelekewa kasisi na askofu, na sadaka zisipotosha dayosisi ndiyo inayoubeba mzigo. Jina hilo halina dharau yoyote, kwa kuwa mwaka 1835 mkutano mkuu wa Kanisa hilo uliamua kwamba kila aliyebatizwa ni mwanachama wa chama chake cha umisionari, na mwaka huohuo Jackson Kemper akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa kimisionari. Makanisa mengi ya magharibi ya nchi yalianza hivyo, na miji ilipotanuka baada ya Vita Kuu ya Pili, vitongoji navyo vikapata misheni zake.

Smyrna yenyewe ilikua kwa kasi baada ya kiwanda cha magari cha Nissan kuanza kazi mwaka 1983. Hata hivyo, mabishano yaliyolitikisa Kanisa la Episkopali tangu 2003, alipowekwa wakfu askofu Gene Robinson wa New Hampshire, aliyekuwa akiishi waziwazi na mwenzi wake wa kiume, yaliugawa ushirika huo. Wengi waliondoka, na wachache waliobaki wakaachiwa mkopo wa jengo wa takriban dola 850,000. Kasisi Michael Spurlock, aliyetumwa hapo mwaka 2007 akiwa ametoka tu chuo cha theolojia, alikuta ushirika ambao kuufunga na kuuza mali yake lilionekana kuwa jambo la busara.

Ndipo walipokuja Wakaren. Hawa ni watu wa Myanmar, nchi ambayo jeshi lake limepigana na wapiganaji wa Kikaren tangu 1949, na wengi wao waliishi kwa miaka katika kambi za wakimbizi nchini Thailand kabla ya kupewa makazi Marekani. Waliofika Smyrna walikuwa Waanglikana tayari, kwa hiyo walikuwa wakitafuta kanisa lao wenyewe, jambo ambalo naona halipewi uzito unaostahili kila habari hii inaposimuliwa. Hawakuja kuongolewa. Walihitaji chakula, kazi na mtu wa kuwasaidia kujaza fomu za ofisini, na ushirika uliokuwa ukihesabu senti zake haukuwa na cha kuwapa isipokuwa uwanja mpana uliolizunguka kanisa.

Spurlock amesimulia hadharani kwamba siku moja, akitembea katika uwanja huo, alihisi Mungu akimwambia kuwa amepewa ardhi, na kwamba amepewa pia wakulima kutoka upande wa pili wa dunia. Masika ya mwaka 2008 wakalima pamoja, wenyeji na wageni, mboga za kula na za kuuza, yakiwemo majani machachu ya rozela, mmea uleule ambao Watanzania hutengenezea juisi nyekundu.

Mavuno hayakutosha kulimaliza deni, wala si sahihi kudai kwamba shamba peke yake liliokoa jengo. Uamuzi ulikuwa wa dayosisi, kwa sababu misheni iko chini ya askofu wake. Mamlaka ileile iliyoweza kuliuza kanisa iliona benchi zikijaa tena na shamba likilisha familia, ikaacha mpango wa kuuza, na Wakaren, waliobisha hodi kama wageni, wakawa sehemu kubwa ya waumini wa Watakatifu Wote.