Gia ya boti ya injini mbili ikigoma: anzia kwenye kebo, usikimbilie kufungua draivu

Makala haya ni ya manahodha na mafundi wa Ghuba ya Mwanza na visiwani wanaotunza boti zenye injini mbili za ndani, zile ambazo injini imekaa ngamani, chini ndani ya boti, upande wa tezi (nyuma), na draivu, ile sehemu inayobeba pangaboi, imening'inia nje nyuma. Gia ikianza kusumbua kwenye boti ya namna hii, wengi hufungua draivu siku hiyo hiyo. Ni kazi kubwa, ya gharama, na mara nyingi haikuhitajika, kwa sababu ubovu wa gia huanzia kwenye kebo na marekebisho yake mara nyingi zaidi kuliko kwenye gia zenyewe. Mwenye injini mbili ana bahati nyingine: upande mzima upo pale pale, na ndio kipimo cha kuulinganishia ule unaoumwa.

Kwanza usalama. Zima injini zote mbili, toa funguo, weka funguo mfukoni mwako mwenyewe. Injini za petroli: fungua kifuniko cha chumba cha injini na uwashe feni ya kutolea mvuke kwa dakika 4 au zaidi kabla ya kuwasha chochote. Mtu asishike pangaboi wakati funguo iko kwenye swichi.

Halafu utaje ugonjwa kwa usahihi. "Gia mbovu" haimsaidii fundi. Ni injini ya kushoto au ya kulia? Inakataa kuingia au inakataa kutoka? Mbele, rivasi, au kote? Inagoma tangu asubuhi au baada ya injini kupata moto? Usukani ukiwa katikati tu, au ukikatwa hadi mwisho? Injini inazima wakati wa kutoa gia? Andika majibu. Kila jibu lina mahali linapoelekeza.

Inapogoma ikipata moto tu, fuata njia ya kebo kwa tochi. Mara nyingi utakuta kebo imelegea ikalalia bomba la moshi, ganda la plastiki limeyeyuka na kubana waya wa ndani. Inapogoma usukani ukiwa umekatwa, shuku kebo ya chini, ile inayopita kwenye ubao wa tezi kuingia kwenye draivu, maana ndiyo inayokunjwa kila draivu inapogeuka. Injini ikipanda resi huku boti haiendi, hilo huenda si tatizo la gia kabisa.

Hilo la mwisho limalize kwanza, kwa kuwa kipimo chake ni cha bure. Katikati ya pangaboi kuna bushi ya mpira inayobeba nguvu kutoka kwenye shafti. Pangaboi likigonga jiwe au gogo, bushi hiyo huachia, na baadaye huteleza kila unapoongeza mafuta. Futa grisi, kisha kwa rangi au peni isiyofutika piga mstari mmoja mnyoofu kutoka kitovu cha ndani, upite juu ya mpira, hadi kwenye kitovu cha nje. Nenda majini, ongeza resi kama kawaida, rudi uangalie. Mistari ikiwa imeachana, bushi imekwisha na gia yako ni nzima. Mistari ikiwa bado pamoja na boti haivuti, zima injini, mtu aingize gia ya mbele, ujaribu kugeuza pangaboi kwa mkono. Likishika vizuri, tatizo linaweza kuwa koplingi nyuma ya injini, ambayo ikiteleza huacha harufu ya mpira ulioungua.

Sasa tufike penye uzito wa jambo. Mnyororo wa gia una vipande viwili vinavyokutana kwenye bamba dogo juu au pembeni mwa injini. Kipande cha kwanza ni mkono wa gia pale kwa nahodha pamoja na kebo yake ndefu. Cha pili ni kebo ya chini na draivu. Utenganishe mnyororo hapo kwenye bamba. Toa kotapini na nati, chomoa ncha ya kebo ndefu, kisha mtu apeleke mkono wa gia mbele, katikati na nyuma. Ukiwa bado mzito, ubovu uko mbele ya bamba: kebo au kisanduku cha mikono. Ukiwa mwepesi, ubovu uko nyuma ya bamba.

Chukua rula. Kwa mifumo mingi ncha ya kebo hutembea jumla ya takriban milimita 76, yaani inchi 3, kutoka mbele kamili hadi rivasi kamili. Pima upande mgonjwa, kisha upande mzima. Tofauti ya milimita chache inatosha kuacha klachi ikiwa imeshika nusu, na klachi iliyoshika nusu huteleza, hupata joto na kuliwa haraka. Kebo iliyopoteza mwendo haitibiwi kwa kumimina oili. Ganda lake la ndani likishavimba au waya ukishaota kutu, ni kubadilisha. Unapoweka mpya, usiikunje kwa kona kali. Nusu kipenyo cha sentimita 20 ndio mwisho, na vifungio vya plastiki visikazwe hadi ganda libonyee.

Upande wa pili, shika kebo ya chini kwa mkono wako na uisukume na kuivuta huku mwenzako akizungusha pangaboi taratibu. Kuzungusha ni lazima: kwenye draivu yenye klachi ya meno, meno hayakutani mpaka shafti igeuke kidogo, na anayelazimisha gia injini ikiwa imezimwa anaipinda kebo nzima iwe mbovu. Rudia usukani ukiwa katikati, kushoto kabisa, kulia kabisa. Inapaswa kuwa nyepesi mahali pote patatu. Ikikwama, angalia inapotokea kwenye ubao wa tezi. Ganda lililopasuka hukaribisha maji, na mara nyingine utaona tone linatoka kwenye ncha ya kebo na kuanguka ngamani. Hapo ubovu wa gia umegeuka pia kuwa njia ya maji kuingia botini. Kuibadilisha kunahitaji kushusha draivu, kwa hiyo badilisha safari hiyo hiyo na mipira ya mkunjo inayoizunguka. Kushusha draivu mara mbili kwa sababu ya mpira ni hasara isiyo na maana.

Lazima ujue draivu yako ina klachi gani. MerCruiser Alpha One ina klachi ya meno, chini karibu na shafti ya pangaboi. MerCruiser Bravo, na draivu nyingi za Volvo Penta, zina klachi ya koni, inayoshika kwa msuguano badala ya meno, iliyo juu. Tofauti hii inaamua mengi.

Kwenye Alpha ya petroli kuna swichi ndogo pale kwenye bamba la gia inayokata moto wa plagi kwa kitambo kidogo sana wakati wa kutoa gia, ili meno yapumue na kuachana. Itazame kwa karibu: kuna wenzo wenye mfereji wa umbo la V, na ndani ya mfereji kuna kijiroli cha swichi. Gia ikiwa imetulia, kijiroli kinakaa katikati ya mfereji. Unapovuta gia itoke, wenzo huinama, kijiroli hupanda ukingo, moto unakatika, gia inatoka, kijiroli kinarudi. Kebo ya chini ikiwa nzito, wenzo hubaki umeinama, moto unakatika kwa muda mrefu mno, injini inazima ukiwa unaingia gatini. Fundi asiyejua chanzo hulaumu swichi na kuing'oa waya. Injini haizimi tena, ni kweli, lakini sasa gia haitoki mbele bila kulazimishwa, na meno yanaanza kuviringika hadi gia iruke yenyewe ikiwa na mzigo. Tunasisitiza: swichi hiyo isirukwe wala isifungwe moja kwa moja. Tibu kebo.

Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kuongeza mafuta, nayo ihakikiwe kwa kipimo cha resi. Injini nyingi za aina hii zinatakiwa kuwa kati ya mizunguko 600 na 700 kwa dakika zikiwa kwenye gia. Ikizidi sana, gia itaingia kwa kishindo na kutoka kwa shida hata kama kebo ni mpya. Na namna ya kushika mkono ni sehemu ya matengenezo: subiri sailensa, kisha ingiza gia kwa msukumo mmoja wa uhakika. Anayebembeleza gia polepole anasaga meno kila safari.

Kuna kosa moja la boti za injini mbili ambalo huvunja draivu nzima. Pangaboi za kushoto na kulia kwa kawaida huzunguka kinyume ili boti isivutwe upande mmoja. Kwenye Bravo One na Bravo Two, mzunguko wa kinyume hupatikana kwa kuhamisha ncha ya kebo kwenye kisanduku cha mikono, kwa kuwa draivu imeundwa kufanya kazi pande zote. Kwenye Alpha haiwezekani. Inahitaji sehemu ya chini iliyotengenezwa maalumu kuzunguka kinyume. Akija mtu akageuza kebo ya Alpha ili "ilingane na mwenzake", draivu hiyo itasafiri muda wote ikitumia gia ya rivasi, ambayo haikutengenezwa kwa mzigo huo. Na kabla ya kumlaumu yeyote kwamba boti inarudi nyuma ukiweka mbele, angalia kama pangaboi hazikubadilishana pande zilipofungwa.

Oili ya draivu inasema mengi. Fungua skrubu ya chini, kusanya kidogo kwenye chombo safi. Rangi ya maziwa ni maji. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa jicho ni meno au gia zinazovunjika, na hapo ndipo kufungua draivu kunapokuwa na sababu. Harufu ya kuungua kwenye draivu ya koni ni klachi inayoteleza. Kwenye ziwa letu maji huingia zaidi kwa sababu ya nyavu: uzi wa wavu ukijizungusha nyuma ya pangaboi unakata sili ya shafti bila kelele. Kila boti ikipandishwa mwaloni, vua pangaboi uangalie, na baada ya kupita kwenye magugu maji usisubiri. Oili ibadilishwe kila saa 100 za kazi au kila mwaka, kinachotangulia, kwa aina na ujazo ulioandikwa kwenye kitabu cha draivu hiyo. Jaza kutokea tundu la chini mpaka oili itoke bila mapovu kwenye tundu la juu.

Gia ikikwama mbele ukiwa majini, usishindane nayo kwa kuongeza resi. Zima injini hiyo kwa funguo na uendelee na nyingine taratibu. Fahamu mapema kwamba baadhi ya boti hupata nguvu ya usukani kutoka injini moja tu. Ikizimwa hiyo, usukani unakuwa mzito. Na kama draivu mbili zimeunganishwa kwa chuma kwa nje, usiinue moja peke yake, utapinda viungo. Jaribu gia zote mbili, mbele na rivasi, ukiwa bado mbali na gati, siyo abiria wakiwa wameshasimama. Injini ya pili isiwe sababu ya kuanza safari ya kwenda Ukerewe na gia mbovu.

Baada ya matengenezo, funga boti kwa kamba mbili imara na ubadilishe gia kila upande kwa sailensa, mara kumi mbele na mara kumi rivasi, mtu mmoja akitazama bamba la gia ndani. Hakikisha pia injini inakataa kuwaka mkono ukiwa kwenye gia. Ikiwaka, swichi ya usalama imerukwa na irudishwe. Kisha nenda majini kwa nusu saa hadi injini zipate moto, rudia jaribio hilo, na ukague oili tena baada ya saa 20 za kazi.